Gari Linalogoma Kuwaka Likiwa Moto

Gari lenye hitilafu hii huwaka asubuhi kwa mguso mmoja wa funguo, huenda safari nzima bila kukohoa, kisha hukataa kuwaka linapozimwa kwa muda mfupi likiwa bado na joto. Likiachwa nusu saa au zaidi huwaka tena kama kawaida, na siku mbili tatu zinaweza kupita kabla halijarudia. Kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya zina magari mengi ambayo kutwa nzima huzimwa na kuwashwa yakiwa moto. Toyota Probox na Succeed zinazobeba abiria kati ya Homa Bay, Rodi Kopany, Rongo, Awendo na Migori huzimwa kila steji zikisubiri watu wajae, na kujaa kwenyewe huchukua dakika kumi, ishirini, arobaini. Gari la nyumbani linaloenda kazini na kurudi laweza kuificha hitilafu kwa miezi. La steji huifichua wiki ya kwanza.

Ugumu ni kwamba gari hufika gereji likiwa limepoa na linawaka. Fundi hana cha kupima, hivyo hubahatisha: plagi leo, betri kesho, pampu ya petroli wiki ijayo, na mwenye gari hulipia kila jaribio. Chanzo hupatikana gari likikamatwa katika dakika zile zile linapokataa. Vipimo vinavyohitajika wakati huo si vingi, na dereva mwenyewe anaweza kufanya karibu vyote kando ya barabara.

Joto linalopanda baada ya kuzima

Wengi hudhani injini huanza kupoa mara tu inapozimwa. Chini ya boneti mambo huenda kinyume kwanza. Gari likiwa mwendoni, upepo hupita kwenye rejeta na pampu ya maji huzungusha maji yanayobeba joto. Injini ikizimwa, vyote viwili husimama, lakini chuma cha injini bado kina nyuzi 90 au zaidi, na joto hilo huhamia kwa kila kitu kilichofungwa juu yake au karibu nacho: sensa, koili, stata, mabomba ya petroli. Vitu hivyo hupata joto kubwa kuliko vilivyokuwa nalo barabarani. Kilele huja kati ya dakika kumi na thelathini hivi baada ya kuzima, kisha joto hushuka taratibu. Ndiyo sababu gari lililozimwa na kuwashwa papo hapo huwaka, na lile lile likagoma dakika kumi na tano baadaye.

Joto hufanya kazi yake kwa njia mbalimbali. Shaba inapopanda kutoka nyuzi 25 hadi 100, ukinzani wake dhidi ya umeme huongezeka kwa karibu asilimia 29, kwa hiyo waya uliokuwa unapitisha umeme kwa shida ukiwa baridi hushindwa kabisa ukiwa moto. Risasi ya kuunganishia nyaya iliyopasuka kwa ufa usioonekana hutanuka na kuachana. Sehemu nyepesi za petroli hugeuka mvuke. Mafuta ya dizeli huwa mepesi na kupenya pale ambapo yakiwa baridi yasingepenya.

Hitilafu hii haina uhusiano wa lazima na gari kuchemka. Geji ya joto yaweza kukaa katikati siku zote na gari bado likakataa. Mazingira nayo huchangia: Homa Bay iko ufukweni mwa ziwa, mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari, na mchana joto la hewa hukaribia nyuzi 30. Anayetoka huko kwenda Rongo hupanda karibu njia yote, na gari lililojaa abiria na mizigo hufika juu injini ikiwa imefanya kazi kweli kweli.

Kinachoandikwa kabla ya kumwita fundi

Dereva anayesema "limekataa kuwaka" hajamwambia fundi kitu. Daftari dogo ndani ya gari lina thamani kuliko spea mbili zilizonunuliwa kwa kubahatisha. Kila gari linapokataa huandikwa muda uliopita tangu kuzimwa, mahali geji ya joto ilipokuwa, kama gari lilikuwa juani, kama lilikuwa limetoka kuwekwa petroli au kuoshwa, na muhimu kuliko yote, injini ilifanya nini funguo ilipozungushwa. Huandikwa pia lilivyowaka hatimaye: kwa kusubiri, kwa kugongwa kitu, kwa kujampiwa, kwa kukanyaga mafuta hadi chini. Matukio matatu manne yaliyoandikwa hivyo huwa yamekwisha kuondoa nusu ya vyanzo vyote.

Swali kuu ni moja: injini inazunguka au haizunguki? Dereva husikiliza. Mlio wa "tik" mmoja kisha kimya, au mlio wa "tik-tik-tik" wa haraka, au kimya kabisa, ni gari lisilozunguka, na kosa liko upande wa betri, nyaya na stata. Ule mlio wa kawaida wa injini ikizungushwa, ila haishiki, ni gari linalozunguka lisiwake, na kosa liko upande wa cheche, petroli au mgandamizo wa silinda. Pande hizi mbili hazichanganywi. Pampu mpya ya petroli haijawahi kuponya stata.

Injini isipozunguka

Betri huchunguzwa kwanza, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu mara nyingi husingiziwa. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi. Stata inapovutwa isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.5 na 14.5, na kipimo hiki hurudiwa baada ya mwendo wa saa moja, taa na feni zikiwa zimewashwa, kwa kuwa zipo altaneta zinazochaji vizuri asubuhi na kuacha kuchaji zikipata joto. Gari la aina hiyo hutumia betri kutwa nzima bila kurudisha, na jioni hulaumiwa stata.

Betri ikiwa nzima, hatua inayofuata ni kupima umeme unaopotea njiani. Mita huwekwa kwenye volti. Ncha moja hugusa nguzo chanya ya betri yenyewe, si kibanio chake, na nyingine skrubu kubwa ya stata. Msaidizi huzungusha funguo. Ikisoma zaidi ya nusu volti, waya mkubwa au viunganishi vyake vina kosa. Kipimo hicho hicho hufanywa upande wa eathi, kutoka nguzo hasi hadi mwili wa injini, na hapo hata robo volti ni nyingi. Eathi ndiyo hupuuzwa zaidi. Udongo mweusi wa Ndhiwa na bonde la Lambwe hunata chini ya gari na kushika unyevu, na magari mengi huoshwa kwa maji ya mto au ziwa yakimwagwa hadi ndani ya boneti. Baada ya miaka, kutu ya kijani hujificha ndani ya kichwa cha waya ambao kwa nje unaonekana mzima. Kipimo hufanywa wakati umeme unapita. Waya uliooza hadi kubaki uzi mmoja husoma volti 12 kamili kama hakuna kinachovutwa, na kwa hiyo mafundi wengi wa jua kali huamini balbu ya wati 21 iliyofungwa nyaya mbili kuliko mita ya bei, nao wana haki: balbu huvuta umeme, na waya mbovu hufichuka kwa mwanga hafifu.

Nyaya zikiwa nzima hubaki stata. Ndani ya solenoidi ya stata nyingi za Toyota kuna vipande viwili vya shaba vinavyogongwa na sahani kila inapovutwa. Vipande hivyo huliwa. Vikibaki vyembamba, gari hutoa "tik" moja kisha kimya. Dereva hurudia mara tano, na ya sita inazunguka. Hali hii huanza kwa kuja na kwenda na huonekana zaidi gari likiwa moto, wakati koili ya solenoidi imepoteza sehemu ya nguvu zake za kuvuta. Stata haina haja ya kutupwa. Vipande vya shaba huuzwa peke yake, na fundi umeme anayejua kazi hubadilisha kwa muda mfupi.

Brashi zilizokwisha nazo hutoa dalili inayofanana. Stata ikigongwa kwa kipande cha mbao msaidizi akishikilia funguo, na injini ikazunguka, brashi au vipande vya shaba vimekwisha. Kugonga ni kipimo. Wapo madereva walioishi kwa kugonga mwaka mzima, mpaka siku waliyokwama ndani ya foleni ya feri pale Mbita na mstari mzima nyuma yao.

Kabla ya kuifungua stata huulizwa kama inapewa amri. Waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi hupimwa funguo ikiwa imezungushwa: chini ya volti 8 hivi, kosa liko nyuma yake, yaani kwenye swichi ya funguo, rilei ya stata, au ile swichi ya gia inayozuia gari la otomatiki kuwaka nje ya P na N. Jaribio la haraka ni kuhamisha gia kutoka P kwenda N na kuzungusha tena. Likiwaka kwa N tu, au likiwaka huku gia ikitikiswa, swichi hiyo imechakaa. Kufunga skrubu mbili za stata kwa spana ili izunguke moja kwa moja ni mazoea ya hatari: gari likiwa kwenye gia huruka mbele, na cheche zake huwa karibu na mvuke wa petroli. Na wale wanaotegemea kusukuma wakumbuke kwamba Probox nyingi za hapa ni otomatiki, na otomatiki haiwaki kwa kusukumwa hata na steji nzima.

Injini ikizunguka bila kuwaka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na hapa ndipo joto lina ujanja mwingi. Mshukiwa wa kwanza, hasa kwa gari lenye umri, ni sensa ya kranki. Hiki ni kidude kidogo kinachoiambia kompyuta ya injini kwamba krankishafti inazunguka na imefika wapi. Taarifa hiyo ikikosekana, kompyuta haitoi cheche wala haifungui injekta, kwa kuwa kwake injini imesimama. Koili nyembamba au risasi iliyomo ndani ya sensa hukatika ikipata joto na kushikana ikipoa, na hiyo ndiyo tabia hasa ya gari linalojiponya baada ya nusu saa. Mara nyingi gari hilo huwa pia limewahi kuzima lenyewe barabarani. Mwaka 2003 Nissan iliagiza magari zaidi ya milioni 2 duniani yarudishwe kwa ajili ya kasoro ya sensa za aina hii, na Sunny na Wingroad za miaka hiyo bado zinaonekana katika barabara za Nyanza. Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8, lakini likishaingia huendelea kufanya kazi miaka mingine kumi na tano, na sensa iliyofungwa kiwandani Japani huwa ndiyo hiyo hiyo.

Skana ndogo inayounganishwa na simu hutosha kwa kipimo kizuri kuliko vyote. Gari likiwa linakataa, skana huwekwa kwenye ukurasa wa mzunguko wa injini na funguo huzungushwa. Injini inayozungushwa na stata husoma mizunguko 150 hadi 300 kwa dakika. Ikisoma sufuri ilhali masikio yanaisikia ikizunguka, taarifa ya kranki haifiki. Msimbo P0335 huihusu sensa ya kranki, na P0340 huihusu sensa ya kamshafti, ila kukosekana kwa msimbo hakuisafishi sensa. Kosa la sekunde chache mara nyingi haliandikwi.

Sensa yenyewe ikishatolewa huweza kupimwa. Zile za nyaya mbili katika Toyota nyingi husoma kati ya omu 985 na 1,600 zikiwa baridi, na kati ya 1,265 na 1,890 zikiwa moto. Fundi asiye na vifaa huitia ndani ya mfuko wa plastiki na kuizamisha katika maji ya moto ya chupa ya chai, au huipuliza kwa drai ya saluni, huku mita ikiwa imeunganishwa. Namba ikipanda polepole, ni nzima. Ikiruka ghafla hadi kutokuwa na mwisho, chanzo kimepatikana. Sensa za nyaya tatu, kama zile za Nissan nyingi, haziamuliwi kwa omu. Hizo huhukumiwa kwa skana gari likiwa limekataa. Njia nyingine ni kuipoza mahali ilipo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Gari likiwaka dakika moja baadaye ilhali kwa kawaida hungoja nusu saa, jibu limepatikana. Maji hayamwagwi ovyo juu ya injini: chuma chenye moto hupasuka, na bomba la moshi ni jirani.

Katika injini kama 1NZ-FE ya Probox kila silinda ina koili yake. Koili moja ikifa gari huwaka kwa kutetemeka, lakini huwaka. Ni vigumu mno zote nne zifariki dakika moja na zifufuke dakika moja, kwa hiyo fundi anayependekeza kununua koili nne kwa gari linalokataa kabisa ana deni la maelezo. Cheche zikikosekana kote, kinachotafutwa ni kitu ambacho zote hukitegemea: sensa, rilei kuu, fyuzi, eathi ya kompyuta. Corolla za zamani, kama 110, nyingi zikiwa na distribyuta, ni habari tofauti. Huko koili ni moja na ignaita ni moja, na vyote hufa kwa joto mara nyingi sana.

Upande wa petroli

Pampu iliyochoka hulia vizuri ikiwa baridi na kunyamaza ikiwa moto. Mtu mmoja huweka sikio kwenye tangi, chini ya kiti cha nyuma, mwingine akizungusha funguo. Kimya hakitoshi kuihukumu pampu. Balbu ya kupimia huwekwa kwenye soketi yake kwanza. Umeme ukifika na pampu ikanyamaza, pampu imekufa. Umeme usipofika, hurudiwa rilei na nyaya. Rilei hupimwa kwa kubadilishana na nyingine ya aina ile ile ndani ya boksi hilo hilo, mara nyingi ile ya honi, jambo lisilogharimu hata shilingi. Tangi linaloendeshwa siku zote taa ya petroli ikiwa imewaka huharakisha kifo cha pampu, kwa sababu petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza. Madereva wa steji wanaoweka mafuta ya shilingi mia tatu mia tatu hulipa tofauti hiyo baadaye.

Honda za miaka ya 1990 zina ugonjwa wao ambao hupoteza watu. Rilei kuu iko ndani ya gari, chini ya dashibodi, na risasi zake hupasuka. Joto linaloziua si la injini bali la jua. Gari lililoegeshwa juani kutoka asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, hukataa saa nane mchana na kukubali jioni. Madirisha yakifunguliwa dakika kumi huwaka. Daftari la dereva ndilo huonyesha jambo hili.

Presha ya petroli katika 1NZ-FE huwa kati ya kilopaskali 304 na 343, na dakika tano baada ya kuzima inapaswa kubaki angalau 147. Ikishuka haraka, petroli iliyobaki kwenye bomba lenye moto huchemka na kujaa mvuke, na stata hulazimika kuzunguka muda mrefu kabla petroli halisi haijafika. Vali ya pampu isiyofunga na injekta zinazovuja zote huleta hali hii. Injekta inayovuja ina ubaya wa pili: petroli hudondoka ndani ya silinda na kuloweka plagi, na gari hukataa kwa kuwa na mafuta mengi kupita kiasi. Kutofautisha uchache na wingi ni rahisi. Pedali ya mafuta hukanyagwa hadi chini kabisa na funguo huzungushwa kwa sekunde kadhaa; katika magari mengi ya injekta kompyuta hukata petroli kwa amri hiyo na kuingiza hewa tu. Gari likikohoa na kuwaka kwa moshi na harufu kali, petroli ilikuwa nyingi.

Wingi huo una vyanzo vingine viwili. Sensa ya joto la maji, ambayo inapaswa kusoma kati ya omu 2,000 na 3,000 kwa nyuzi 20 na kushuka hadi 200–400 kwa nyuzi 80, ikidanganya kwamba injini ni baridi, kompyuta humwaga petroli ya asubuhi ndani ya injini ya mchana. Skana huonyesha uongo huo mara moja. Cha pili ni vali inayopeleka mvuke wa tangi kwenye injini: ikikwama wazi, gari hukataa kuwaka pale pale kwenye kituo cha petroli baada ya kujazwa, na karibu hapo tu.

Petroli iliyochanganywa mafuta ya taa hulaumiwa sana, hasa ile ya chupa za kando ya barabara. Lawama nyingine ni za haki, ila si hii. Mafuta ya taa ni mazito kugeuka mvuke, kwa hiyo gari lililonyweshwa mchanganyiko husumbua asubuhi likiwa baridi na kukosa nguvu mlimani. Linalowaka vizuri alfajiri na kukataa saa sita halina dalili hiyo.

Nyaya zilizoongezwa Kenya

Kabla ya kufungua chochote kilichotoka Japani, huangaliwa kilichoongezwa hapa. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa na kifaa cha kulifuatilia, na wakopeshaji wengi huunganisha rilei inayoweza kukata pampu au swichi ya funguo kutoka mbali. Wengine wameweka katauti ya wizi na king'ora. Magari ya abiria yana kidhibiti mwendo, ambacho kimekuwa cha lazima tangu kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2004. Vyote hivi hukata waya wa kiwandani na kuunganisha tena, mara nyingi kwa kusokota na utepe mweusi tu. Utepe hulainika kwa joto, maungio hulegea, na umeme wa pampu hupita humo. Maungio hayo hutafutwa chini ya usukani na kando ya boksi la fyuzi, na hutikiswa gari likiwa linaunguruma: likizima, mwizi ameonekana. Kifaa cha mkopeshaji hakiondolewi bila idhini yake, lakini maungio yake yaweza kufanywa upya kwa risasi. Taa ya ufunguo inayomweka kwenye dashibodi wakati gari linapokataa huashiria jambo lingine, kwamba kompyuta haikuutambua ufunguo, na hapo hujaribiwa ufunguo wa pili.

Mgandamizo

Injini iliyowahi kuchemka, au yenye vali zilizokaza, yaweza kupoteza mgandamizo ikiwa moto pekee. Nafasi ya vali katika 1NZ-FE, ikipimwa baridi, ni milimita 0.17 hadi 0.23 upande wa hewa na 0.27 hadi 0.33 upande wa moshi. Nafasi hiyo ikiisha, vali haikai vizuri ikitanuka. Sikio hulijua hili: stata huzungusha injini kwa wepesi usio wa kawaida, bila ule mdundo wa kukaza. Maji yanayopungua bila kuvuja nje huelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Kizibo cha rejeta hakifunguliwi kikiwa moto.

Dizeli

Matatu za Hiace, pikapu za Isuzu na matrekta ya miwa ya Awendo hufuata sheria zao. Dizeli haina cheche. Ikizunguka kwa kasi inayofaa na kupata mafuta yenye presha huwaka. Pampu ya injekta ya zamani ikichakaa ndani, mafuta mazito ya asubuhi bado huziba nafasi, lakini yakiwa mepesi kwa joto huvuja humo humo ndani na presha haifiki kwenye injekta. Kipimo cha mafundi wa malori kinajulikana: maji ya kawaida humwagwa taratibu juu ya pampu peke yake, kisha huwashwa. Ikiwaka, pampu inahitaji kupelekwa benchi. Injini za presha ya juu za sasa, kama 1KD ya Toyota, hupoteza presha kupitia injekta, na mafuta yanayorudi kutoka kila injekta hukingwa katika chupa nne ndogo na kulinganishwa. Stata nzito au betri dhaifu nayo huiumiza dizeli, kwa kuwa kuzunguka polepole hakufikishi presha.

Kuthibitisha

Hitilafu inayokuja na kwenda haithibitishwi kwa kuwasha gari mara moja mbele ya fundi. Huitwa kwa makusudi. Gari hupakiwa, hupandishwa kutoka Homa Bay hadi Rongo au njia nyingine yenye mlima, huzimwa boneti ikiwa imefungwa, na hujaribiwa dakika ya tano, ya kumi, ya ishirini na ya thelathini, likizimwa tena kila linapowaka. Idadi ya majaribio hutegemea daftari. Gari lililokuwa likikataa mara moja katika kila kuwashwa kumi likiwa moto laweza kupita mara tano kwa bahati tu, bila kupona. Kupita mara 30 mfululizo kwa bahati kuna uwezekano wa asilimia 4 hivi, na hapo mtu anaweza kulilipia tengenezo kwa amani. Spea iliyotolewa huhifadhiwa kwenye buti mpaka hesabu hiyo itimie. Gari likikataa kabla yake, hurudiwa swali la kwanza, kama injini ilizunguka au haikuzunguka, kwa kuwa magari ya umri huu huwa na hitilafu mbili kwa wakati mmoja mara nyingi kuliko wenyewe wanavyopenda kukubali.